Kona ya Chini Kulia

Jumatatu, Machi 11. Mawingu, mvua kuanzia saa tisa. Imekataa.

Fundi Nyaya ameniamuru niandike. "Mama, mashine haina uongo, lakini si msemaji," alisema huku akijipangusa vumbi magotini. "Kila siku andika: imekubali au imekataa, mvua au jua, nani alikuwepo nyumbani. Mwezi haupiti, ugonjwa utajitaja wenyewe." Basi nimechukua daftari la mistari ambalo mume wangu alilileta kutoka shuleni kwake, na nimetii.

Tuanze na mgonjwa. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nimechora miaka kumi na tatu, na ramani zote, tangu vyumba viwili vya yule muuza mitungi hadi ghorofa ya wale wauguzi watatu, zimo ndani ya kompyuta moja kuukuu inayounguruma kama tumbo lenye njaa. Siiamini hata kidogo. Ndiyo maana tulinunua kisanduku cha kuhifadhia, kinachokaa kwenye rafu ya koridoni kando ya ruta. Kila siku saa nane mchana kompyuta hukipelekea nakala ya kazi zangu kwa mtandao wa hapa nyumbani. Mume wangu alikibatiza Kobe, kwa kuwa hakina haraka na hubeba kila kitu mgongoni. Sasa hii ni wiki ya pili Kobe anakataa. Alama nyekundu na neno moja: Imeshindikana.

Mwaka mwingine ningepuuza. Mwaka huu Bodi ya usajili wa wachoraji imetangaza kwamba sisi tuliojifunza kazi kwa mikono, bila cheti, tutapewa kibali mara hii moja tu. Unapeleka ramani kumi na mbili ulizochora, ya kwanza iwe na umri wa miaka kumi au zaidi, kisha unahojiwa. Mwisho wa kupokea ni Aprili 30. Ukikosa hapo, utachora chini ya jina la mwingine mpaka uzeeke, kama nilivyochora miaka yote hii chini ya muhuri wa mhandisi mmoja mwenye kibali. Nakala zilizoko halmashauri zina jina lake. Jina langu liko kwenye mafaili yangu peke yake, kona ya chini kulia: Amechora, fulani, tarehe fulani.

Jumatano, Machi 13. Radi tangu saa saba. Imekataa.

Nilikuwa kwenye eneo la ujenzi, kama kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mchana. Nyumbani: Mzee na wifi.

Ijumaa, Machi 15. Radi tena. Imekataa.

Mkosaji kapatikana! Nimerudi mapema nikamkuta Mzee koridoni, plagi ya Kobe mkononi, uso wa mtu aliyekutwa jikoni na mkono ndani ya sufuria. Mzee ni baba mkwe wangu. Alikuwa mtunza stoo maisha yake yote, na tangu mama mkwe atangulie mbele ya haki anaishi nasi. Ikinguruma tu, anachomoa kila kitu: televisheni, jokofu, hata pasi iliyolala kabatini anaikagua. Nimecheka. Nimempigia Fundi Nyaya kumwambia ugonjwa una miaka sabini na sita na unapenda peremende.

Jumatatu, Machi 18. Jua kali. Imekataa.

Kobe kachomolewa. Nimemuuliza Mzee. "Niliona kama wingu," kasema. Wingu gani? Nguo zangu zilikauka kwa saa moja.

Jumatano, Machi 20. Jua. Imekataa.

Leo nimemkosea adabu mtu mzima. Nimemkuta Kobe kimya, taa zote zimezimika, nikashindwa kujizuia. "Mzee, unaniharibia kazi. Hujui kilichomo humo. Tafadhali usiguse tena, radi ipige isipige." Akasema, "Haya, mwanangu. Sitagusa." Chakula cha jioni amekula chumbani kwake.

Mume wangu amesema nimvumilie, baba anazeeka. Wifi naye, mdogo wake mume wangu, amenishika bega. "Wifi, usijali. Siku nikiwepo nitamwangalia mimi." Huyu ndiye anayeniondolea mzigo. Anaishi mtaa wa pili, na siku zangu za kwenda nje huja na laptopu yake kukaa na baba yake. Jumamosi namfundisha kuchora. Ni mwaka wa pili sasa. Ana jicho zuri ingawa mkono una haraka, na mpaka leo hapimi unene wa ukuta.

Alhamisi, Machi 21. Manyunyu. Imekubali!

Alama ya kijani. Nimeifunga plagi kwa gundi ya utepe, mizunguko minne.

Ijumaa, Machi 22. Mvua. Imekataa.

Ujumbe mpya: faili linatumika na mtu mwingine. Mtu gani?

Jumamosi, Machi 23. Imekubali. Jumapili pia.

Jumatatu, Machi 25. Mvua asubuhi. Imekataa.

Faili linatumika. Fundi Nyaya kaja, kabadilisha waya wa mtandao, kazima ruta, kawasha ruta. Amesema wakati mwingine kisanduku hujishika chenyewe. Mzee alikuwa mlangoni kwake anatutazama, anageuza peremende mdomoni. "Fundi," akauliza, "hicho kitu kinaweza kukuonyesha nani kakifungua?" Fundi akamjibu kwamba kinaweza, ukiwa na paswedi ya msimamizi. Msimamizi wa Kobe ni mume wangu. Mzee akarudi chumbani. Bado tumenuniana, nikaona anatafuta mazungumzo tu.

Jumatano, Machi 27. Imekataa. Alhamisi imekubali. Hii mashine ina ratiba kuliko mimi.

Jumatatu, Aprili 1. Mvua kubwa. Imekataa.

Sasa ni nywila si sahihi. Nywila ileile niliyotumia miaka minne!

"Labda Kobe amejisasisha usiku," kasema mume wangu.

"Ndiyo, akaamka na paswedi mpya? Basi niwekee nyingine, si wewe ndiye bwana mkubwa wake."

"Wikendi, mama. Nina mitihani ya kusahihisha hadi kichwani."

Jumamosi, Aprili 6. Mvua.

Somo na wifi. Mume wangu bado hajagusa Kobe. Mitihani.

Wifi aliniuliza jambo zuri leo. Alikuwa anapitia ramani zangu za zamani, akasema, "Wifi, mbona nyumba zako zote mlango wa bafu unafunguka kwa nje? Watu wote wanafungua kwa ndani." Sijawahi kumwambia mtu. Leo nikamwambia. Baba yangu aliangukia bafuni, akalala nyuma ya mlango. Ulikuwa wa kufungukia ndani, na kila tulivyousukuma tulimsukuma yeye. Tulimsikia anapumua. Mpaka majirani wakaja na shoka, kupumua kulikuwa kumekwisha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu nianze kuchora, hakuna bafu langu linaloweza kumfungia mtu.

Wifi alilia kunishinda mimi. Akanikumbatia, machozi yake yakanilowesha shingo. Nalala mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo.

Jumatano, Aprili 10. Imekataa.

Ijumaa, Aprili 12. Imekataa. Wifi hakuja leo, alikuwa na shughuli mjini.

Jumatatu, Aprili 15. Imekataa. Nimemkumbusha mume wangu mara ya sita. Nimeanza kujisikia kero.

Jumanne, Aprili 16. Radi.

Saa kumi jioni ilipiga moja mpaka vioo vya madirisha vikalia. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi. Nilikuwa dukani kwa mpiga chapa. Nimerudi nikakuta harufu ya kuungua ndani ya chumba changu. Kompyuta imekufa.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya korido, mikono nyuma. "Nilitaka kuchomoa," kasema. "Ulinikataza."

Nimejiambia, Kobe yupo. Taa zake zinawaka. Kazi yangu iko salama mgongoni kwake.

Jumatano, Aprili 17. Mvua siku nzima.

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kwa sababu sijui kesho nitaambiwa nini kuhusu jambo nililoliona leo kwa macho yangu.

Fundi Nyaya alikuja saa sita na kompyuta ya kuazima. Aliifungua ya kwangu, akanusa, akatikisa kichwa: diski imeungua. Nikampigia mume wangu shuleni kuomba paswedi ya msimamizi. Akasema, "Subiri nirudi. Usimruhusu huyo fundi aguse kitu." Nikamweleza Fundi. Yeye akacheka tu. "Mama, paswedi ni ya mlangoni. Mimi naweza kuzitoa diski za Kobe nikazisoma moja kwa moja kwenye mashine hii." Akafungua skrubu nne. Baada ya nusu saa folda zangu zilikuwa kwenye kioo, zote, na majina yake na tarehe zake. Nilipiga makofi kama mtoto.

"Usishangilie," akasema. "Watu huona folda wakadhani wamepona. Fungua moja uhakikishe."

Nikafungua nyumba ya muuza mitungi, ile ya kwanza kabisa, kwa ajili ya mapenzi tu. Kuta zilikuwa zangu. Ngazi ya nyuma, yangu. Nikasogeza hadi kona ya chini kulia, mahali ninapoandika jina. Amechora: na hapo jina la wifi yangu. Jina lake kamili, la kwenye cheti cha kuzaliwa. Tarehe ilikuwa ileile ya miaka kumi na tatu iliyopita, siku ambazo yeye alikuwa anavaa sare ya shule ya sekondari.

Nilidhani nimefungua faili la mazoezi. Nikafungua la pili. La tatu. Zilikuwa kumi na mbili, kumi na mbili zilezile nilizozichagua na kumwonyesha Jumamosi moja tukinywa chai, nikimweleza kwa nini hii inafaa na ile haifai. Nyingine zote hazikuguswa. Alikuwa amekubaliana na uteuzi wangu.

Fundi Nyaya akafungua daftari la matukio, ambamo Kobe huandika kila anayeingia na kutoka. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa saba na nusu hadi saa tisa na nusu. Aliyeingia ameandikwa kwa akaunti ya mume wangu. "Lakini mumeo saa hizo si yuko darasani?" Fundi akauliza, kisha akajuta kuuliza.

Saa saba na nusu kamili wifi akaingia na laptopu yake kwapani, anakung'uta mwavuli. "Wifi, leo hujaenda saiti?" Akaona Kobe mezani, matumbo nje. Akaona kioo. Fundi akakumbuka kwamba amesahau kitu kwenye pikipiki yake, akatoka kwenye mvua bila koti.

"Niambie mimi ni mwendawazimu," nikamwambia. "Niambie macho yangu yana ukungu."

Alikaa. Hakukana. "Wifi, mimi sina hiyo miaka kumi. Kibali hiki kinatoka mara moja. Ningesubiri nini?"

"Ungeniuliza."

"Ungekubali?"

"Kwa nini kwenye kisanduku changu? Kama ni kuiba, si ungebeba ukaondoka?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mwanafunzi. "Si wewe uliyenifundisha? Kazi ya maana usiiweke kwenye laptopu, iweke kwa Kobe. Na kaka alisema kompyuta yako nisiiguse, na kitu kisitoke nje ya nyumba. Alisema kisipotoka nje si wizi."

Kaka alisema!

"Ila ilikuwa taabu, wifi," akaendelea, kana kwamba tuko kwenye somo la Jumamosi. "Nikibadilisha majina, kesho yake nakuta jina lako limerudi. Nakala yako ikikubali tu, inafuta ya kwangu yote. Mara tatu nimeanza upya. Ndipo kaka akabadilisha paswedi."

Kwa hiyo huo ndio ugonjwa tuliokuwa tunautibu kwa waya mpya na gundi ya utepe. Kobe alikuwa mzima siku zote. Kila alipofanikiwa alinirudishia jina langu, na kila aliponirudishia, watu wawili ninaokula nao sahani moja walitafuta njia ya kumkwamisha.

"Umeshapeleka?" nikamuuliza.

"Ijumaa."

Mume wangu alirudi saa kumi na moja, viatu vimejaa maji. Alinikuta nimekaa palepale. Sitaandika matusi yangu, yalikuwa mengi na hayakunisaidia. Naandika maneno yake, kwa sababu nataka kuyakumbuka kama alivyoyasema.

"Wewe una jina tayari. Watu wote wanakujua. Yeye ana nini?"

Na hili: "Tungekwambia. Tulikuwa tunasubiri wakati mzuri."

Na hili, kwa sauti ya upole ambayo miaka kumi na sita nimeiita mapenzi: "Usipeleke zako. Zikigongana mtanyimwa wote wawili. Mwache apate kibali, mfanye kazi pamoja. Yeye atakuwa na jina, wewe una mkono."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walisahau kusema kwamba nguo yenyewe unaifua na kuipiga pasi kwa mikono yako. Na siku za mwizi ni arobaini: nimehesabu tangu nianze daftari hili, leo ni ya thelathini na nane. Nimempata na chenji ya siku mbili.

Alhamisi, Aprili 18.

Sikuongea na mtu.

Ijumaa, Aprili 19. Jua.

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo, kama Fundi alivyotaka. Machi 18, jua kali, Kobe kachomolewa. Machi 20, jua, Kobe kachomolewa. Hakukuwa na radi. Na siku zote mbili wifi alikuwepo.

Nikaenda kugonga kwa Mzee. Alikuwa kitandani, anakunja leso.

"Mzee, ulikuwa unachomoa kwa sababu ya radi?"

"Mwanzoni, radi." Akaikunja leso upya. "Baadaye nilimwona binti yangu anaandika jina lake kwenye nyumba zako. Nilikuwa nyuma yake naleta chai. Macho ya stoo hayazeeki, mwanangu. Najua mali inapobadilishwa lebo."

"Ukanyamaza."

"Nilichomoa."

"Kuchomoa si kusema, Mzee! Uliniacha nikakufokea kama mtoto. Ungesema neno moja, kazi yangu ingekuwa na jina langu leo."

"Ni mwanangu," akasema. "Na yule mwingine pia ni mwanangu. Nikachomoa, nikadhani watachoka." Leso ilikuwa imeshakuwa ndogo kama sarafu, na bado anaikunja. "Jumatatu alikuwa anafanya mazoezi ya usaili huko sebuleni. Anajiuliza maswali, anajijibu. Ukuta huu ni mwembamba. Nimesikia jambo ambalo baba hapaswi kulisikia."

Nikamuuliza ni jambo gani. Akatikisa kichwa. Nikamwacha. Hata yeye ana lake la kunificha, nikawaza, na nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Jumatano, Aprili 24. Mvua.

Nimeandika jina langu upya kwenye ramani zangu mwenyewe, moja moja, kona ya chini kulia, nikijihisi mimi ndiye mghushi. Nimechapisha. Nimepeleka. Karani wa Bodi akapekua, akasimama kwenye ile ya muuza mitungi. "Hii mbona kama nimeiona?" Nikamwambia ndiyo, umeiona. Akaandika kitu pembeni.

Mume wangu amehamia kochi. Hakuna aliyemwambia ahamie.

Alhamisi, Mei 2. Barua. Tumeitwa mimi na wifi, siku moja, Mei 8, saa nne asubuhi.

Jumatatu, Mei 6. Mume wangu amenisihi nijitoe. Amepiga magoti. Nilimtazama utosini, nywele zimeanza kupungua, na nikashangaa kwamba sioni mtu ninayemfahamu.

Jumatano, Mei 8. Mawingu asubuhi, kisha jua.

Nilimkuta Mzee sebuleni saa mbili, amevaa koti lake la kustaafia na viatu vimeng'arishwa. "Nakwenda na nyinyi," akasema. "Kufanya nini, Mzee?" "Kukaa." Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilijua anakwenda kwa ajili ya binti yake.

Ofisi ya Bodi ina korido ndefu na benchi moja. Tulikaa watatu: wifi mwisho huu, mimi mwisho ule, Mzee katikati na peremende yake. Wifi aliitwa kwanza. Alikaa ndani robo saa. Alipotoka alipita mbele yetu haraka, macho chini, akashuka ngazi. Nikaitwa mimi.

Msaili alikuwa mama wa makamo, miwani ameivuta hadi ncha ya pua. Mafungu mawili ya ramani yalikuwa mezani. "Hizi ni moja," akasema. "Mmoja wenu ananiongopea, na karatasi haiwezi kuniambia nani. Kwa hiyo nimeuliza swali moja, nawe nitakuuliza hilohilo. Kwa nini milango yote ya bafu inafunguka kwa nje?"

Nilijua nimepona. Nikamweleza kuhusu baba yangu, mlango, majirani na shoka. Nilipofika kwenye kupumua niliona uso wake umebadilika, na haukuwa uso wa huruma.

"Mwenzako ameniambia hivyohivyo," akasema. "Baba yake. Mlango. Shoka. Hata umri, miaka kumi na tisa. Na alilia."

Sijui niandikeje hili. Ramani nilikuwa nimeshazililia. Mume nilikuwa nimeshamlilia. Sikujua kwamba kuna kitu kingine ndani yangu cha kuchukuliwa. Amemchukua baba yangu pale sakafuni, akaandika jina lake juu yake. Na machozi yale ya Aprili 6, shingoni mwangu, yalikuwa ya nini? Nilifungua mdomo, na kila neno nililotaka kusema lilikuwa limeshasemwa kwenye kiti hikihiki robo saa iliyopita. Hadithi ya kwanza ilikuwa yake. Mimi nilikuwa nakala.

"Una la kuongeza?" akauliza msaili.

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache na rahisi. Lakini ni nani angeniamini?

Mlango ukagongwa, ukafunguka. Mzee. Amevua kofia.

"Samahani, mama. Choo kiko wapi?"

"Mwisho wa korido, kushoto." Msaili akamtazama juu ya miwani. "Umekuja na nani, mzee?"

"Na binti yangu, huyo aliyetoka sasa hivi. Na huyu ni mkwe wangu, mke wa mwanangu."

"Binti wa kumlea au wa kumzaa?"

"Wa kumzaa, mama. Marehemu mama yake angekwambia hata saa." Akasimama wima, mikono imeshika kofia tumboni, macho yamejaa maji na sauti haitetemeki. "Mimi ndiye baba yake. Sijaanguka popote. Ninaishi kama unavyoniona."

Msaili akavuta fungu moja la ramani, akalipindua kifudifudi.

Tulishuka ngazi polepole, Mzee amenishika mkono. Wifi hakuwepo. Getini nikamkumbusha kwamba hakwenda chooni, tunaweza kurudi.

"Mwanangu," akasema, "sikuwa nimebanwa."

Jumatatu, Mei 20. Jua. Mvua zimekwisha, wanasema.

Barua imekuja, nina kibali. Mume wangu ndiye aliyeipokea mlangoni. Ameniletea kwa mikono miwili, akasema, "Basi, yameisha." Wifi hajakanyaga hapa tangu siku ile. Kila Ijumaa Mzee humtembelea, huondoka bila kuaga, na simuulizi kitu.

Kobe ana mtumiaji mmoja sasa. Saa nane imekubali, lakini siku hizi siiamini alama ya kijani. Nafungua faili, nasogeza hadi kona, nasoma jina langu kwa sauti, ndipo nafunga.

Leo nimeanza ramani mpya, nyumba ndogo. Chumba cha Mzee upande wa jua la asubuhi, bafu lake karibu, mlango wa kufungukia nje. Chumba changu. Meza ya kuchorea dirishani. Mume wangu alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akatazama kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata kuta.

"Na chumba chetu kiko wapi?"

Nikaendelea kupima unene wa ukuta.